Kufuli la waifai: historia ya kadi inayokataa kuwaka kwenye Linux

Leo tuziweke kando lugha za programu, tuongee juu ya kitu kidogo ambacho kimewasumbua wengi huku kwetu Mathare, na ambacho kimenifanya nisome historia ambayo chuoni hatukufundishwa. Nazungumzia ile hali ambapo umeweka Linux kwenye laptopu, sauti ipo, skrini iko safi, kila kitu kinafanya kazi, lakini waifai haiwaki. Ukijaribu kuiwasha kupitia terminali unajibiwa hivi:

RTNETLINK answers: Operation not possible due to RF-kill

Wengi wakiona neno "kill" wanadhani kadi imekufa. Haijafa. Imefungiwa, na kufungiwa si kufa. Swali la kujiuliza ni hili: ni nani aliyeifunga, na ufunguo anao nani? Nimegundua kwamba jibu linapatikana katika historia. Kila kizazi cha laptopu kilikuja na kufuli lake, na kila kufuli lilikuwa na sababu yake. Ukijua mashine yako ni ya mwaka gani, tayari unajua pa kuanzia kutafuta.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya mashine tunazotumia. Laptopu nyingi ninazoletewa kutoka Huruma, Kiamaiko na Mabatini hazikununuliwa zikiwa mpya. Ni zile tunazoziita ex-UK. Zilifanya kazi maofisini ng'ambo kwa miaka kadhaa, zikauzwa kwa mafungu, zikavuka bahari, zikaishia katika maduka ya katikati ya jiji. Meza moja hapa unaweza kuikuta na mashine ya 2008, ya 2012 na ya 2017 zimepangwa pamoja. Kwa hiyo makufuli ambayo wenzetu waliyaona moja moja, miaka ikipita, sisi tunayapokea yote kwa siku moja.

Hebu tuanze mwanzo.

Kabla ya swichi

Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu watu kutumia baadhi ya masafa ya redio bila leseni, yakiwemo yale ya gigahezi 2.4. Masafa hayo yalionekana kama takataka, kwa sababu tayari yalikuwa yakitumiwa na majiko ya maikrowevu. Mwaka 1997 ukatoka mkataba wa kwanza wa 802.11, wenye kasi ya megabiti 2 tu kwa sekunde. Mwaka 1999 ukaja 802.11b wenye kasi ya megabiti 11, na hapo ndipo waifai ilipoanza kuingia majumbani.

Wakati huo kadi ya waifai ilikuwa kitu cha kuchomeka ubavuni mwa laptopu. Ukitaka kuizima, unaichomoa. Hakuna aliyehitaji swichi.

Mambo yalibadilika Machi 2003 Intel ilipotoa Centrino, yaani prosesa, chipu saidizi na kadi ya waifai vikiuzwa kama kifurushi kimoja. Kadi sasa ilikaa ndani ya mashine, chini ya skrubu, na mwenye laptopu hangeweza tena kuichomoa akiwa safarini. Kumbuka pia kwamba tangu 1991 FCC ilikuwa imepiga marufuku simu za mkononi ndani ya ndege zikiwa angani, na mashirika ya ndege yalidai kila kitu kinachorusha mawimbi kizimwe. Mfanyabiashara anayeruka kutoka London kwenda Frankfurt alihitaji njia ya kuizima redio bila kuizima kompyuta. Ndipo watengenezaji wakaweka swichi ndogo kwenye ukingo wa laptopu. Faida ya pili ilikuwa betri, kwa sababu redio inakula moto hata usipoitumia.

Sisi tunakaa jirani na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh, ambayo ndiyo ilikuwa uwanja wa ndege wa Nairobi kabla ule wa Embakasi haujafunguliwa 1958. Ndege tunaziona kila siku, lakini tukiwa chini. Swichi ile haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ilimfikiria abiria aliye juu, na sisi tumeirithi pamoja na mashine yake.

Miaka ya draiva za kuazima

Linux haikuwa tayari kwa Centrino. Watengenezaji wa kadi walitoa draiva za Windows na kunyamaza. Watu wa Linux wakabuni ndiswrapper, programu iliyochukua draiva ya Windows na kuiendesha ndani ya Linux kama nguo ya kuazima. Ilikaa mwilini, ila haikuwa ya kipimo chako.

Mwaka 2004 Intel ilianzisha mradi wa draiva huria kwa kadi zake. Broadcom haikutoa kitu, basi wajuzi wakaichunguza kadi yenyewe hatua kwa hatua hadi wakaelewa inavyofanya kazi, na draiva yao, bcm43xx, ikaingia kwenye keneli mwaka 2006. Broadcom wenyewe walikuja kutoa draiva huria Septemba 2010. Atheros walifungua mlango 2008 kwa draiva ya ath9k.

Kisa cha kadi ya Intel 3945 ya mwaka 2006 kinachekesha kidogo. Draiva yake ilikuwa huria, lakini haikuwaka bila programu moja iliyofungwa, ipw3945d, iliyoketi pembeni ikilinda redio isivunje sheria za masafa. Watu wa programu huria walilalamika sana. Mwaka 2007 Intel ikatoa draiva mpya, iwlwifi, na kazi ya ulinzi ikahamishiwa ndani ya faimwea ya kadi. Mlinzi hakuondoka. Alihama tu kutoka getini akaingia sebuleni.

Katika miaka hiyo swichi ya ukingoni ilikuwa balaa, kwa sababu kila draiva ilikuwa na lugha yake. Draiva ya Intel ipw2200 ilikuwa na faili dogo liitwalo rf_kill. Ukilisoma unapata tarakimu moja: 0 maana yake redio iko huru, 1 imezimwa na programu, 2 imezimwa na swichi, 3 imezimwa na vyote viwili. Draiva nyingine hazikuwa na kitu kama hicho. Ulikuwa unabahatisha.

2007: rfkill inazaliwa

Mwaka 2007 Ivo van Doorn, aliyekuwa kwenye mradi wa draiva za kadi za Ralink, aliandika sehemu mpya ya keneli iitwayo rfkill. Wazo lake lilikuwa rahisi: redio zote, iwe waifai, Bluetooth au modemu ya simu, zipite mlango mmoja. Mwaka 2009 Johannes Berg akaiandika upya kwa keneli 2.6.31, na akatupatia /dev/rfkill pamoja na amri ndogo ya rfkill tunayoitumia hadi leo. Tangu 2017 amri hiyo inakuja ndani ya kifurushi cha util-linux, kwa hiyo siku hizi karibu kila Linux inayo.

Ukiandika rfkill list utaona kila redio na mistari miwili chini yake: Soft blocked na Hard blocked. Tuseme zuio laini na zuio gumu. Zuio laini ni la programu, na amri ya programu inaweza kuliondoa. Zuio gumu linatoka kwenye swichi, saketi au BIOS, na Linux haina ruhusa ya kulivunja. Hata uwe root, utaandika amri hadi asubuhi.

Sisi Wakenya tunao mfano wetu wa zuio laini. Mwishoni mwa 2000 watoa huduma za intaneti, kupitia chama chao cha TESPOK, waliwasha KIXP, kituo cha Nairobi cha kubadilishana data. Kabla ya hapo, barua pepe kutoka Westlands kwenda Industrial Area ilizunguka kwa setilaiti hadi ng'ambo ndipo irudi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee wakati huo, ikalalamika, na baada ya wiki mbili hivi Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Mitambo ilikuwa mizima na nyaya hazikukatika. Kilichofungwa ni ruhusa. Ilichukua zaidi ya mwaka wa kubishana na kutafuta leseni hadi kituo kikafunguliwa tena mapema 2002. Mtu angefika pale na bisibisi asingetengeneza chochote, kwa sababu palipofungwa palikuwa kwenye karatasi.

Ndivyo ilivyo na kadi. Kwanza ujue zuio ni la aina gani, ndipo uchague kati ya bisibisi na kibodi.

Makufuli ya kiwandani

Baada ya rfkill ungetarajia shida iishe. Haikuisha, kwa sababu watengenezaji walikuwa na makufuli mengine.

La kwanza liko kwenye kadi yenyewe. Kadi za mini PCI Express, zilizotawala kuanzia 2006 hivi hadi 2013 hivi, zina pini namba 20 yenye jina W_DISABLE. Swichi ya ukingoni imeunganishwa na pini hiyo. Ikishushwa umeme, redio inazimika. Swichi ikichakaa au ikivunjika, kadi inabaki imefungwa milele ingawa haina kasoro hata moja.

La pili liko kwenye BIOS. ThinkPad za zamani za IBM na baadaye Lenovo zilikuwa na orodha ya kadi zinazokubalika. Ukiweka kadi nyingine, mashine inakataa kuwaka na kutoa kosa namba 1802. Baadhi ya HP nazo zilikuwa na kosa lao, namba 104. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya kisheria, kwamba kadi na antena za laptopu hupimwa na kuidhinishwa pamoja. Kwa mteja wa London hilo lilikuwa jambo la kupigia simu dukani. Kwa mtu wa Juja Road aliyeuziwa kadi ya pili akiambiwa ya kwanza imekufa, ni hasara mara mbili: pesa zimeenda, na sasa mashine haiwaki kabisa.

La tatu ni uongo wa draiva. Baadhi ya Lenovo za Yoga na IdeaPad hazina swichi yoyote ya kusukuma, lakini draiva ya ideapad_laptop iliisoma BIOS vibaya na kudai kuna zuio gumu. Watu walipindua laptopu zao wakitafuta swichi ambayo haikuwahi kuwepo. Dawa ilikuwa kuiondoa draiva hiyo kwa modprobe -r ideapad_laptop, hadi keneli za baadaye zilipozirekebisha mashine hizo.

La nne ni kumbukumbu. Mifumo ya Linux yenye systemd huhifadhi hali ya redio unapozima kompyuta na kuirudisha unapoiwasha. Mtu akiizima waifai leo ili kuokoa betri, kesho itawaka ikiwa imezimwa, na yeye ameshasahau.

Yapo pia mambo mawili yanayofanana na kufuli lakini rfkill haiyaonyeshi. Moja ni faimwea kukosekana. Debian iliondoa faimwea zisizo huria kutoka kwenye keneli yake katika toleo la 6.0 la Februari 2011, na ikazirudisha kwenye diski ya kuanzishia Debian 12 ya Juni 2023, baada ya wanachama kupiga kura 2022. Katikati hapo ni miaka 12 ambayo kadi nzima zilionekana bubu. La pili ni nchi. Linux ina jedwali la sheria za masafa za kila nchi, na Kenya imo humo kwa herufi KE. Marekani inatumia chaneli 1 hadi 11, hapa kwetu zinafika 13. Kadi iliyopangwa kwa sheria za Marekani haitaiona rauta ya jirani iliyo kwenye chaneli ya 13, hata ukiiweka juu yake.

Mashine moja ya Mlango Kubwa

Nitatoa mfano mmoja ili haya yasibaki nadharia. Mwaka juzi kijana wa Mlango Kubwa, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, aliniletea laptopu ya ofisini ya kama 2009. Alitaka kuomba nafasi ya chuo kwenye tovuti ya KUCCPS na baadaye mkopo wa HELB, na siku zilikuwa zinayoyoma. Fundi mmoja alikuwa amemwambia kadi imekufa, akamtajia bei ya kadi mpya. Kwa bei ile mama yake angelisha nyumba siku kadhaa.

Nilianza na rfkill list. Kwenye 0 kulikuwa na jina la mashine, kwenye 1 kulikuwa na phy0, yaani kadi yenyewe. Pote Soft blocked ilikuwa no, lakini phy0 ilisema Hard blocked: yes. Kwa umri wake nilijua lazima kuna swichi ukingoni. Nikapapasa, nikakuta tundu tupu. Kile kidoti cha plastiki cha kusukumia kilikuwa kimeng'oka, labda baharini, labda kwenye gunia. Tulijaribu kuisogeza swichi kwa sindano, ikagoma, kwa sababu vichuma vya ndani vilikuwa vimelika.

Nikamwambia, "Kadi yako ni nzima, kaka. Ni mlango wake uliovunjika kitasa."

Tukaichomoa betri, tukafungua kifuniko cha chini, tukaitoa kadi. Nikakata ukanda mwembamba wa selotepu na kuufunika kwenye pini ya 20 peke yake. Kazi hiyo inataka subira, maana ukifunika pini ya jirani utaleta shida nyingine. Tukairudisha kadi, tukawasha, tukaandika rfkill list tena. phy0: Hard blocked: no. Mitandao ya majirani ikajipanga kwenye skrini.

Sikumtoza kitu, ila nilimwomba ajaribu nyumbani kwao pia. Kesho yake akanipigia kwamba ikiwa ndani mawimbi ni hafifu mno. Hilo halikunishangaza. Mabati ni ukuta wa chuma, nayo huyarudisha mawimbi ya redio yalikotoka. Na bonde letu, lenye machimbo ya zamani ya mawe, lina miteremko inayoficha antena. Hilo nalo ni zuio gumu, ila hakuna amri itakayolionyesha. Aliisogeza meza hadi dirishani na maombi yake yakaenda.

Namna ya kutafuta kwa kufuata miaka

Kwa hiyo, ukikutana na kadi iliyofungwa, nenda hivi:

1. Andika rfkill list. Kama zuio ni laini, andika sudo rfkill unblock all. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

2. Kama zuio ni gumu na mashine ni ya kati ya 2003 na 2012 hivi, papasa kingo zote. Tafuta swichi ya kusukuma, au kitufe chenye taa juu ya kibodi.

3. Kama mashine ni mpya zaidi, tafuta kitufe chenye picha ya ndege au antena, ukibonyeze pamoja na Fn. Kisha ingia BIOS uone kama waifai imezimwa huko.

4. Kama mashine haina swichi kabisa na bado inadai zuio gumu, shuku draiva ya mtengenezaji. Tazama lsmod uone kama kuna ideapad_laptop, hp_wmi, dell_laptop au acer_wmi, uiondoe kwa muda ujaribu tena.

5. Kama rfkill list haionyeshi waifai kabisa, huenda tatizo si kufuli. Tafuta faimwea kwa dmesg.

6. Kama yote yameshindikana na kadi ni mini PCI Express, ndipo ufikirie pini ya 20. Betri nje kwanza.

7. Kununua kadi nyingine kuwe kwa mwisho, na kabla ya kutoa pesa uliza kama BIOS ya mashine hiyo ina orodha ya kadi inazozikubali.

Nimeandika haya marefu kwa sababu nimechoka kuona mashine nzima zikiuzwa kama vyuma chakavu pale Kiamaiko. Makufuli yote niliyoyataja yalitengenezwa na mtu, kwa sababu aliyoijua: abiria wa ndege, sheria ya masafa, biashara, au uzembe wa msimbo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiwaza kwamba siku moja mashine hiyo itakuwa kwenye meza ya mtoto wa Mathare anayekimbizana na tarehe ya mwisho. Basi sisi tunaopokea mashine hizi mwishoni mwa safari yake inabidi tuijue safari yenyewe, la sivyo tutaendelea kununua kadi za kuchukua nafasi ya kadi nzima.

Ni hayo kwa leo. Kama unayo laptopu iliyogoma, niandikie hapa chini mwaka wake na jibu la rfkill list, tuitazame pamoja. Kwaherini kwa sasa.